Maswali ya wasomaji: Mbona vitasa vya rangi moja havifanani?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka jambo moja: vyuma vya milango, bafu na madirisha vimeandikwa rangi ile ile, lakini vikishafungwa kila kimoja kina rangi yake. Yaliyofanana tumeyaunganisha, mengine tumeyafupisha.

SWALI (Tanga): Ndugu mhariri, namalizia nyumba. Vitasa nilinunua Kariakoo, bawaba nikachukua hapa Tanga, makomeo akaniletea fundi. Makasha yote yameandikwa SN. Vilipofungwa kwenye mlango mmoja mweupe, kitasa kinaelekea umanjano, bawaba zinaelekea ubuluu, komeo ni kijivu kitupu. Je, nimeuziwa feki?

JIBU: Usirudi dukani kugombana kwanza. SN ni kifupi cha nikeli isiyong'aa, na hilo ni jina la mwonekano ambao kila kiwanda huulenga kwa njia yake. Hakuna kiwanda kinachobanwa kulingana na jirani yake, na hata ndani ya kiwanda kimoja mkupuo wa Januari na wa Agosti unaweza kuachana kidogo.

Anza na kilichomo chini ya rangi. Kitasa cha bei ya kati, mkono wake kwa kawaida umemiminwa kwa aloi ya zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4. Silinda ya funguo ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Bawaba imekatwa kwenye bamba la chuma. Komeo linaweza kuwa stenlesi tupu, halikuchovywa kitu chochote. Tayari hapo una metali nne kwenye mlango mmoja. Nikeli ya kuchovya, ile inayopandishwa kwa umeme ndani ya beseni la dawa, huwa nyembamba, mikroni chache hadi ishirini na kitu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unene huo haufichi uso wa chini, unaufuata. Kama zinki ilisuguliwa laini na chuma cha bawaba kikasuguliwa kwa mkanda mkwaruzo, nikeli ile ile itarudisha mwanga kwa namna mbili, na jicho litasema ni rangi mbili.

Halafu huko "kutong'aa" kwenyewe kuna njia zaidi ya moja. Kiwanda kimoja hupiga brashi mpaka ibaki mistari, kingine hupuliza chembe ndogo za kioo, kingine huweka dawa ndani ya beseni la nikeli ili itoke yenye ukungu kama lulu bila mstari wowote. Zote tatu zinauzwa kwa jina la SN.

La mwisho ni tabaka la juu. Nikeli kwa asili ina umanjano wa mbali, kromi ina ubuluu, stenlesi iko katikati na imekaa kijivu. Bawaba zako za ubuluu huenda zina kromi nyembamba juu ya nikeli. Kitasa nacho huenda kimepakwa laka isiyo na rangi ili nikeli isichakae. Laka huongeza umanjano kidogo tangu dukani, na ikipigwa jua miaka kadhaa huongeza tena.

Wamarekani waliliona tatizo hili wakaliwekea namba. Katika kiwango chao cha vyuma vya milango, ANSI/BHMA A156.18, nikeli isiyong'aa juu ya brasi ni 619, na ile ile juu ya chuma ni 646. Kromi isiyong'aa juu ya brasi ni 626, juu ya chuma ni 652. Namba tofauti kwa mwonekano unaokusudiwa kuwa mmoja, kwa sababu metali ya chini imebadilika. Ukiikuta namba ya aina hiyo kwenye kasha, iamini kuliko herufi SN.

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe kwenye baraza:

Sumaku kwanza. Ikishika kwa nguvu, chini ni chuma. Isiposhika, ni brasi, zinki, au stenlesi ya aina ya 304. Kwa isiyoshika, fungua kitasa, geuza bamba, kwaruza kwa ncha ya kisu sehemu itakayofichwa na mbao. Ukiona njano, ni brasi. Ukiona kijivu cheupe, na pengine ukingo mwembamba mwekundu wa shaba kabla ya kukifikia, hiyo ni zinki. Mkono nao unajua: brasi ina uzito wa karibu gramu 8.5 kwa sentimita ya ujazo, zinki hii 6.6 hivi.

Kisha weka vipande viwili kando kwa kando mezani, karibu na dirisha, na uzungushe kimoja robo mzunguko. Rangi ikibadilika kadiri unavyozungusha, tofauti yako ni ya mwelekeo wa brashi. Wakati mwingine kumwambia fundi ageuze kipande ili mistari yote ielekee upande mmoja kunatosha. Isipobadilika, tofauti iko kwenye tabaka lenyewe na hakuna ujanja wa kuiondoa.

Ubadilishe nini sasa? Jicho hulinganisha vitu vilivyo karibu. Mkono wa kitasa, bamba lake na uso wa silinda viko ndani ya kiganja kimoja, hivyo lazima vitoke kiwanda kimoja na ikiwezekana kasha moja. Bawaba ziko upande wa pili wa ubao wa sentimita 80 au 90, na mlango ukifungwa huonekana vifundo tu. Hapo tofauti ndogo inavumilika. Komeo likiwa karibu na kitasa, hilo ndilo la kubadilisha. Tungebadilisha komeo na kuacha bawaba. Kwenye viwanda tofauti hupimwa kwa namba iitwayo delta E: ikiwa karibu na 1 hata jicho lililozoea huona kwa shida, ikipita 3 karibu kila mtu anaona vitu vikiwa bega kwa bega. Kupata 1 kutoka kwa viwanda viwili ni bahati nasibu.

SWALI (Nairobi): Nilipeleka mkono wa kitasa dukani nikachagua bawaba zinazolingana kabisa. Nyumbani hazilingani. Kuna mtu amebadilisha?

JIBU: Taa ndizo zilizobadilika. Maduka mengi huwasha taa nyeupe za kelvini 6500. Sebuleni wengi wetu tunafunga za kelvini 3000, zenye umanjano. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa vitu tofauti zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na metali huongeza tatizo kwa kuwa hurudisha sura ya kilichoizunguka. Kromi mbele ya ukuta wa krimu itaonekana ya krimu. Sakafu ya vigae vyekundu itapaka wekundu upande wa chini wa kila mkono wa kitasa ndani ya chumba.

Linganisha mara tatu: nje kivulini (juani utaona mng'ao tu), kisha ndani mchana, kisha usiku kwa balbu utakazotumia. Vipande vilale kwenye karatasi nyeupe, vikiwa na mwelekeo mmoja. Usikubali kuchagua kwa picha ya WhatsApp. Simu hurekebisha weupe wa picha yenyewe, kila picha kivyake, na nikeli yako inaweza kurudi ikiwa kromi.

SWALI (Mombasa): Bafu langu lina koki, shawa na reli ya taulo, zote kromi ya kung'aa. Reli ni nyeusi kidogo kuliko koki. Na koki, kwenye mikunjo ya chini, ina umanjano. Baada ya miezi sita zote zimepata madoa meupe na mengine kama mawingu.

JIBU: Hapa kuna mambo matatu, tuyatenganishe.

Weusi wa reli. Kromi ya mapambo huchovywa kwa njia mbili. Ile ya zamani hutumia kromiamu yenye valensi 6, ambayo ni sumu kali na husababisha saratani. Hutoa ubuluu ule tuliouzoea. Mpya hutumia valensi 3, na mara nyingi hutoka yenye weusi au umanjano wa mbali. Umoja wa Ulaya uliweka Septemba 21, 2017 kuwa mwisho wa kutumia kromiamu trioksaidi, dawa ya ile njia ya zamani, bila kibali maalumu, na viwanda vingi vimekuwa vikihamia valensi 3. Koki na reli za beseni mbili tofauti ni nzuri zote, ila hazitalingana.

Umanjano wa mikunjoni. Kama ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ni nikeli unayoiona. Kromi ya juu ni nyembamba mno, kwa kawaida mikroni 0.1 hadi 0.5, na umeme wa kuchovyea hukimbilia kwenye ncha na kingo na kukwepa mashimo. Ndani ya mkunjo kromi hupungua au hukosekana kabisa, na nikeli iliyo chini hujitokeza. Ukinunua koki, igeuze uangalie chini ya shingo na nyuma ya mkono, na usiridhike na uso wa mbele.

Madoa. Meupe yanayokwaruzika kwa ukucha ni chumvi za maji magumu ya kisima. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kifunge kwenye doa dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji mengi, kausha. Siki isiguse marumaru wala koki za rangi ya dhahabu au shaba zilizopakwa laka.

Yale ya mawingu, yasiyotoka kwa kusugua, tunayashuku kwa asidi. Mafundi wa vigae husafisha saruji kwa asidi ya haidrokloriki, na mvuke wake pekee unatosha kuiharibu kromi na kuitoboa stenlesi kwa vishimo vidogo, hata kama tone halikuigusa. Mfuko wa nailoni uliofungwa juu ya koki hausaidii sana. Dawa ni mpangilio wa kazi: vigae vioshwe, bafu lisuuzwe na lipitishwe hewa siku moja au mbili, ndipo koki zifungwe. Fundi akikuambia atakuwa mwangalifu, mjibu kwamba mvuke hauna uangalifu.

SWALI (Dar es Salaam): Koki za dhahabu, kampuni mbili, zote zimeandikwa PVD. Moja kama pete ya ndoa, nyingine kama brasi iliyopauka. Ipi ni bora?

JIBU: Rangi haikuambii ubora hapa. Kwenye PVD metali hufanywa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa, ikaungana na gesi na kutua juu ya koki kama tabaka gumu. Titaniamu ikiungana na naitrojeni hutoa dhahabu nzito. Zirkoniamu na naitrojeni hutoa manjano iliyopauka inayofanana na brasi. Kuzidi au kupungua kwa naitrojeni kunasogeza rangi, hata nafasi ya koki ndani ya chumba inaweza kuisogeza. Kwa hiyo seti nzima ya bafu, pamoja na kifuniko cha shimo la sinki na reli ya taulo, itoke kampuni moja na iagizwe siku moja. Jambo la kuuliza dukani ni metali iliyo chini: PVD juu ya brasi ni kitu cha miaka mingi, juu ya zinki iliyochovywa ovyo itainuka kama ngozi ya ndui hata kama tabaka lenyewe halikwaruziki.

SWALI (Unguja): Mlango wetu wa zamani wa mji mkongwe umepoteza misumari saba ya shaba ile mikubwa. Fundi ametutengenezea mipya, inang'aa kama taa. Aliyetushauri kuitia weusi kwa amonia yuko sahihi?

JIBU: Tungeliacha wazo la amonia. Ni kweli mvuke wake huifanya brasi kuwa ya kahawia ndani ya saa chache. Lakini brasi iliyopigwa nyundo au kukandamizwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na amonia huipasua kwenye mkazo huo, wakati mwingine miezi kadhaa baadaye. Jeshi la Uingereza huko India, karne ya 19, lilikuta maganda ya risasi yamepasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua; amonia ilikuwa ikitoka kwenye mazizi ya farasi. Kama fundi wenu aliifinyanga misumari kwa nyundo bila kuichoma tena mwishoni, hiyo ndiyo hali yake.

Kabla ya kuhangaika na weusi, hakikisheni brasi yenyewe inalingana. Chukueni msumari mmoja wa zamani uliolegea, sugueni upande wa ndani kwa msasa namba 600 mpaka metali mbichi itokee, muulinganishe na mpya. Brasi ni shaba na zinki. Ile ya shaba asilimia 85 ina wekundu, ya 70 ni njano ya dhahabu, ya 65 hivi ni njano iliyopauka kuelekea limau. Kama wa zamani una wekundu na mpya ni wa limau, hakuna dawa wala moshi utakaoilinganisha kwa kudumu. Mrudishieni fundi, aanze na shaba zaidi.

Zikilingana, muulizeni kama aliipaka laka. Kama ndiyo, lowekeni kwenye asetoni au thina dakika 20 hadi 30, mahali penye hewa na mbali na moto, msugue kwa mswaki, muoshe kwa maji ya moto na sabuni, mkaushe. Baada ya hapo ishikeni kwa kitambaa, kwa sababu alama ya kidole itatangulia kuwa nyeusi na itabaki. Itundikeni nje kivulini. Upepo wa bahari utaanza kuitia rangi ndani ya wiki chache, na itahitaji miezi kufikia jirani zake.

Hamtaki kusubiri? Ng'oeni misumari saba ya zamani kutoka safu ya juu kabisa, au sehemu yoyote isiyo usawa wa macho, muipachike penye mapengo. Mipya iende juu. Mtu aliyesimama barazani hataijua. Muing'oe kwa ndani, kwa kunyoosha mkia wake, sio kwa kuutia patasi uso wa mbele.

Na kama nia ni kung'arisha yote kwa braso, mjue dawa hiyo ikiingia kwenye nakshi hukauka ikawa unga mweupe usiotoka. Kateni bati jembamba au kadi ngumu yenye tundu la kipenyo cha msumari, muivalishe chini ya kichwa cha msumari ili kuilinda mbao, ndipo msugue. Ni kazi ya siku nzima kwa mlango mmoja.

SWALI (Kisumu): Mikono ya kabati za jikoni, nyeusi isiyong'aa. Niliongeza sita mwaka huu, zimetoka zinang'aa kidogo na zina ubuluu.

JIBU: Weusi una namba, na mng'ao una namba yake peke yake. RAL 9005, namba ya orodha ya rangi za viwandani, ni nyeusi maarufu, lakini inapatikana ya kufifia, ya nusu mng'ao na ya kung'aa kabisa, na jicho huiona ya kung'aa kuwa nyeusi zaidi. Rangi ya unga huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200, na ikikaa kupita muda mng'ao hubadilika. Kabla ya kulaumu duka, osha ile ya zamani kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Mafuta ya mikono na ya kukaangia huifanya nyeusi ya kufifia ing'ae kwa mabaka, na mara nyingine tofauti yote huishia hapo. Ikibaki, hamishia sita hizo zote kwenye kabati moja, la chini, mbali na zingine.

SWALI (Dodoma): Madirisha ya aluminiamu rangi ya bronzi. Bawa moja lilivunjika, jipya limekuja na rangi nyingine kabisa. Fundi anasema litapauka mpaka lilingane.

JIBU: Inategemea rangi ni ya aina gani, na fundi wako huenda amezichanganya mbili. Angalia kwa karibu. Ukiona nyuzi za metali kupitia rangi, ni anodaizi: uso wa aluminiamu wenyewe umegeuzwa kwa umeme ndani ya asidi ya salfa ukawa tabaka gumu la mikroni 10 hadi 25, na bronzi imetokana na chumvi za bati zilizojazwa kwenye vitundu vyake. Ukiona rangi imefunika kila kitu kwa usawa kama plastiki, ni ya unga, mikroni 60 hadi 80.

Ya unga ndiyo inayopauka juani na kuacha vumbi kidoleni. Kwa hiyo mabawa yako ya zamani yakiwa ya unga, yaoshe, kisha yapake nta ya kung'arishia magari. Mara nyingi yatarudi karibu na jipya. Anodaizi ya bronzi hupauka kidogo sana. Tofauti uliyonayo leo utakuwa nayo miaka kumi.

Kinachoiachanisha ni dakika ndani ya beseni, na aloi. Bronzi ya mwanga na bronzi nzito ni beseni lile lile, muda tofauti. Profaili za madirisha kwa kawaida ni aloi ya 6063, na bamba la aloi nyingine likiingia pamoja nayo halitatoka na rangi ile ile. Vipande vya kumiminwa vyenye silikoni nyingi hutoka kijivu kizito. Ndiyo maana anayeagiza nyumba nzima anapaswa kuomba sampuli mbili, ya mwanga kabisa na ya giza kabisa ambazo kiwanda kitazitoa, na kukataa chochote kitakachopita mipaka hiyo. Akiba ya profaili mbili tatu kutoka mkupuo ule ule iwekwe stoo.

Kwa sasa, hamisha dirisha zima kutoka nyuma ya nyumba uliweke mbele, na lenye bawa jipya liende nyuma. Na ukiona doa jeupe la saruji kwenye fremu, jua kwamba saruji mbichi hula anodaizi. Ifutwe ikiwa bado mbichi. Ikikauka, doa ni la kudumu.

SWALI (Kigamboni): Reli za ngazi za nje, zote stenlesi, fundi mmoja. Upande mmoja umepata madoa ya rangi ya chai. Je, zinaweza kusuguliwa zirudi?

JIBU: Zinaweza, na hapa ndipo stenlesi inapoishinda metali ya kuchovya: rangi yake ni ya ndani mpaka nje. Usijaribu tunayoelekeza kwenye kitu cha kuchovya, utatoboa tabaka.

Kwanza ujue una nini. Mabomba ya bei nafuu mara nyingi ni 201, yenye nikeli asilimia 3.5 hadi 5.5 tu na manganizi iliyowekwa kufidia. 304 ina nikeli 8 na kromiamu 18 hivi. 316 inaongeza molibdenamu 2 hadi 3, na hiyo ndiyo ya kuweka mbele ya bahari. Sumaku haitakusaidia kutenganisha 201 na 304. Inawezekana kabisa fundi mmoja alinunua mabomba mara mbili, yakatoka aina mbili, na siku ya kukabidhi yakaonekana sawa.

Osha kwa maji baridi na sabuni. Madoa yasafishe kwa dawa ya stenlesi yenye asidi ya oksaliki au ya fosforiki, ukifuata maelezo ya chupa, glavu mkononi. Suuza sana. Kisha sugua kwa pedi ya nailoni ya kusugulia vyombo, mpya, kufuata mistari iliyopo, mkono mrefu bila kusimama katikati. Kusugua kwa duara kutaacha baka litakaloonekana hata kutoka barabarani. Mistari iwe laini. Msasa wa 180 huacha mifereji inayohifadhi chumvi, wa 320 au laini zaidi hukaa safi kwa muda mrefu. Pamba ya chuma ni marufuku, na hata diski ya grainda iliyokwisha kukata nondo. Zote huacha chembe za chuma zitakazopata kutu juu ya stenlesi, na utadhani reli yenyewe imeoza. Baada ya hapo, kuosha kwa maji yasiyo ya chumvi kila baada ya wiki chache.

SWALI (Arusha): Skrubu zilizokuja na bawaba za brasi ni za njano lakini si njano ile ile. Na fundi amezikata vichwa tatu ndani ya mninga.

JIBU: Njano ile ya kung'aa kwa rangi za upinde ni zinki juu ya chuma, ikapewa dawa ya kromati. Haina brasi ndani yake, na nje ya nyumba itaisha ibaki kutu. Tafuta skrubu za brasi zenyewe, ukipeleka sumaku dukani: isishike.

Brasi ni laini na mninga ni mgumu. Kwa skrubu ya namba 8, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule mpaka mwisho ikakate njia, itoe, halafu ingiza ya brasi iliyopakwa nta ya mshumaa. Kaza kwa mkono, mashine ya drili iache sandukuni. Sabuni usiitumie badala ya nta, hunyonya unyevu na kuitia skrubu kijani. Zile tatu zilizokatika, toboa kuzizunguka kwa bomba dogo lenye meno, toa kiini chote, ziba kwa kijiti cha mninga na gundi, subiri hadi kesho yake ndipo utoboe upya.